Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori: Tuwafuate heroe (flamingo) hadi wanakokula

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Nakuru. Mimi ni mwalimu mstaafu wa biolojia, na kwa miaka mingi nimekuwa miongoni mwa wanaojitolea kuamka alfajiri ya Januari kwenda kuhesabu ndege wa majini ziwani hapa. Hesabu hiyo imefanywa nchini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, nami naithamini sana. Hata hivyo, hutuambia tu ni ndege wangapi waliokuwapo asubuhi ile. Haituambii waliokosekana wamekwenda wapi wala walikosa nini.

Kabla ya mwaka 2010, Ziwa Nakuru lilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 40. Katika miaka ya karibuni limepita 60, likameza lango kuu la zamani la hifadhi na kukausha migunga iliyokuwa ukingoni. Maji hayo mengi yameuzimua ukali wa magadi, na spirulina, mwani ambao heroe mdogo huuchuja kwa mdomo alioupindua ndani ya maji, hausitawi katika maji ya namna hiyo. Wengi wamehamia Bogoria na maziwa mengine. Mwari, wale ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo, nao wana habari yao: huzaliana Elementaita, lakini kwa miaka mingi wamekuwa wakiruka hadi Nakuru kuvua samaki wa kulisha makinda. Ukilichunga ziwa moja pekee, umechunga nusu ya maisha yao.

Wanaochunguza ndege wa baharini wametutangulia katika jambo hili, na hasara iliyowapata ndege hao ni kubwa: makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba ndege wa baharini waliofuatiliwa duniani walipungua kwa karibu asilimia 70 kati ya 1950 na 2010. Mwaka 1990 watafiti wa Ufaransa walichapisha safari za albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, wa visiwa vya Crozet kusini mwa Bahari ya Hindi, waliofungwa visambazaji vya setilaiti, na ikabainika kwamba ndege mmoja aweza kwenda maelfu ya kilomita katika safari moja ya kutafuta chakula. Tangu hapo vifaa vimekuwa vidogo zaidi. Vipo vinavyorekodi mahali, kina cha kuzamia na mtikisiko wa mwili, hata mtafiti akaweza kutenganisha saa ya kula na saa ya kupumzika. Unyoya mmoja nao, ukipimwa isotopu (aina za atomi zinazotofautiana kwa uzito) za kaboni na nitrojeni, hueleza ndege alikula nini wakati unyoya huo ukiota, wala hapana haja ya kumuua. Ramani za safari hizo, zilipolinganishwa na njia za meli za uvuvi, zilionyesha wazi ni wapi albatrosi walikuwa wakinaswa na ndoano za mishipi mirefu, na hatua za kuwakinga zikawa na mahali pa kuanzia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 heroe wachache wa maziwa yetu walifuatiliwa kwa setilaiti, lakini maziwa ya wakati ule si haya ya leo. Naomba wizara yako itenge fedha za kuwafuatilia heroe wadogo na mwari kwa miaka kadhaa mfululizo, kwa vifaa visivyozidi asilimia 3 ya uzito wa ndege, maana kumlemea ndege ni kumdhuru na pia ni kujidanganya kuhusu mwenendo wake. Maji na mwani vipimwe katika majuma yale yale ambayo ndege wanarekodiwa. Vikipimwa miezi mitatu baadaye, havitaeleza lolote. Naomba pia tushirikiane na Tanzania tangu siku ya kwanza, kwa kuwa Ziwa Natron ndipo heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanapozaliana kwa uhakika. Na vijana wa Nakuru wanaosomea sayansi wafundishwe kazi hii wao wenyewe, kwa sababu ndio watakaokuwa hapa.

Hesabu ya Januari ijayo nitakuwapo, Mungu akipenda. Ningefurahi kupata jibu lako kabla ya siku hiyo.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu, Nakuru