Wanangu wa UX, msisome nusu

Vijana wangu,

Marahaba, hata kabla hamjaniamkia.

Kila wiki naona picha za vyeti vyenu mtandaoni, na naona mnavyoulizana: kozi ipi nzuri, ya wiki sita au ya miezi mitatu, ya kulipia au ya bure, na ukimaliza kazi ipo? Hilo la kazi sina jibu lake. Mimi ni mstaafu wa chumba cha kuongozea mitambo ya umeme, na fani yenu ya kubuni namna mtu anavyokitumia kitu ilipoanza kuitwa UX (user experience) nilikuwa nimeshaota mvi. Lakini naijua kwa upande wake wa pili, upande wa yule anayeletewa kitu kilichobuniwa na mtu ambaye hawajawahi kuonana. Nimepitia mitaala ya kozi zenu kadhaa. Nyingi zinawafundisha nusu.

Nusu mnayofundishwa ni ile ya kioo cha simu: Figma, yaani programu ya kuchorea kurasa za apu, rangi, vitufe, kupanga kurasa, kubandika vikaratasi vya njano ukutani. Sina ugomvi nayo, inawapa watu ugali. Inayoachwa ni nusu ya zamani zaidi, ambayo haipendezi kupigwa picha. Wenyewe huiita ergonomia, elimu ya namna macho, mikono, kumbukumbu na uchovu wa binadamu vinavyokutana na mtambo. Uingereza walikuwa na chama chake tangu 1949. Na sehemu kubwa ya elimu hiyo imetokana na ajali.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la anga la Marekani lilisumbuliwa na jambo la ajabu. Rubani wa ndege ya B-17 anatua salama, ndege iko chini tayari, halafu anakunja magurudumu na ndege inalala kwa tumbo. Ripoti zikaandikwa: kosa la rubani. Mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, alipokwenda kutazama alikuta swichi ya magurudumu na ile ya vibawa vya kutulia zimekaa bega kwa bega, sura moja, namna moja ya kuzisukuma, hivyo rubani akitaka kukunja vibawa alikunja magurudumu. Marubani wa ndege ya C-47, ambayo swichi zake hazikupangwa hivyo, hawakuwa na tatizo hilo. Chapanis hakuandika waraka wa kuwataka marubani waongeze umakini. Alibandika kigurudumu kidogo cha mpira kwenye swichi ya magurudumu na kabari kwenye ile nyingine, mkono ukajua hata gizani umeshika nini. Mpaka leo mshikio wa magurudumu kwenye ndege za abiria una umbo la gurudumu. Mwaka 1947 watafiti Paul Fitts na Richard Jones wakachambua visa 460 vilivyokuwa vimebatizwa kosa la rubani, na fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la watu kushika kidhibiti kisicho chenyewe.

Kwenye chumba chetu tulikuwa na swichi mbili za pampu za maji ya kupoza, zimetoka kiwanda kimoja, rangi moja, urefu mmoja. Moja ilikuwa ya pampu inayofanya kazi, nyingine ya pampu ya akiba. Mtu wa zamu ya usiku, hakuna aliyekiri ni nani, alikata kipande cha tyubu ya baiskeli akakivisha kwenye swichi moja. Akaja mkaguzi, akasema ubao wa swichi si mahali pa kuweka takataka, kikaondolewa. Usiku kikarudi. Kikaondolewa tena, kikarudi tena, na kwa kadiri ninavyokumbuka tyubu ndiyo iliyoshinda, maana mkaguzi alikuwa analala na sisi tulikuwa macho.

Kwa hiyo mkiingia dukani, benki au kwenye dirisha la dawa la hospitali, mkaona karatasi imebandikwa kwa selotepu juu ya kompyuta, imeandikwa kwa kalamu nene USIBONYEZE HAPA KWANZA, simameni hapo hapo. Muulizeni aliyeiandika. Huyo ameshafanya utafiti wenu, tena hajalipwa.

Kisa ninachotamani kila kozi ianze nacho ni cha Three Mile Island, kituo cha nyuklia cha jimbo la Pennsylvania, tarehe 28 Machi 1979. Vali ya kupunguza presha ilifunguka kama ilivyotakiwa, kisha ikapewa amri ya kufunga, ikakwama wazi. Kwenye ubao wa waongozaji taa yake ilizimika, nao wakaelewa vali imefunga. Kumbe taa ile ilifuata amri tu. Ilionyesha kwamba vali imeambiwa ifunge. Vali yenyewe imefanya nini, haikuwa na habari. Maji ya kupoza yakavuja kwa zaidi ya saa mbili na sehemu kubwa ya kiini cha mtambo ikayeyuka. Waongozaji walikuwa watu wenye mafunzo. Waliamini taa, kama ambavyo kila mmoja wetu angeamini. Miongoni mwa walioitwa kuja kukikagua chumba kile alikuwamo mwanasaikolojia Don Norman, na ni huyo huyo aliyejiunga na Apple mwaka 1993 akajipa cheo chenye maneno yanayofupishwa leo kuwa UX. Mnaona basi fani yenu imepitia wapi kabla ya kufika kwenye simu.

Sasa fungueni simu zenu. Mama ananunua tokeni ya umeme, nyumba iko gizani, anaingiza namba ya siri, anaandikiwa: ombi lako limetumwa. Limetumwa wapi? Pesa imekatwa au haijakatwa? Dakika tatu zinapita, hakuna ujumbe. Anafanya nini? Anatuma tena. Kesho mnasikia ofisini kwamba watumiaji hawana subira, hawasomi. Ile ni taa ya Three Mile Island, imehamia kwenye kioo. Ukibuni ujumbe wowote, jiulize unasema amri imetolewa au jambo limetokea, na kama hujui limetokea, mwambie mtu hivyo hivyo: bado hatujui kama pesa yako imekatwa, usitume tena mpaka upate jibu. Maneno kumi na moja hayo. Hayahitaji Figma.

Natambua wengi mnataka kazi za apu za kuvutia, na menyu ya nyota na reli mnaiona ya kizee. Msiidharau. Mtu wa kitochi haoni rangi zenu wala picha zenu. Anaona mistari michache, na akichelewa kujibu kikao kinakatika anaanza upya. Anayeweza kupanga kazi nzima ndani ya nafasi hiyo, mtumiaji asipotee, huyo kwangu ni mbunifu kamili. Na nchi zetu zimeshatoa somo kubwa hapo. Majaribio ya M-Pesa yalipofanyika Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa wakopaji wa mikopo midogo walipe marejesho kwa simu. Watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, kwa shughuli zao. Waliokuwa wakisimamia jaribio wakakitazama kile watu walichokuwa wanakifanya, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Wangeshikilia mpango wa kwenye karatasi, sijui leo tungekuwa tunazungumza nini.

Kutazama huko ndiko mnakofundishwa kwa haraka mno. Mnaambiwa watu watano wanatosha kujaribu, na mnalishika hilo kama aya. Watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walipiga hesabu hiyo mwaka 1993, na ni hesabu yenye masharti: watano wa aina moja, kazi moja, halafu urekebishe na ujaribu tena. Watano wa Masaki ya matajiri hawawezi kuwasemea wa Mbagala ya watu wa kawaida, hapo hapo Dar es Salaam, na rafiki zako watano wa ofisini hawamsemei mtu yeyote. Tokeni nje. Kaeni kwenye benchi la kibanda cha wakala saa saba mchana, jua limekiosha kioo hata maandishi ya kijivu mliyoyapenda hayaonekani. Utamwona bibi anamkabidhi wakala simu pamoja na namba ya siri, anaitamka kwa sauti, na foleni yote inasikia. Usikimbilie kuandika kwamba bibi anahitaji elimu ya usalama. Namba ile anaijua mjukuu, anaijua wakala, kwa sababu maandishi ni madogo, macho yamechoka, na vidole vimezoea jembe. Mfumo ulimhesabu kama mtu mmoja mwenye simu moja. Yeye anaitumia simu na watu wengine wawili. Ukianzia hapo unapata kazi ya kubuni ya mwaka mzima.

Na mkiwa hapo benchini, nyamazeni. Najua ni vigumu. Mtu anapapasa kioo, kitufe kiko pale pale, ulimi unakuwasha umwonyeshe. Ukimwonyesha umekwisha, maana nyumbani kwake hutakuwepo.

Kuhusu vyeti nitasema kwa ufupi. Cheti cha kozi fupi kinathibitisha kwamba ulihudhuria na ukafaulu majaribio. Ni kitu kizuri, kiwekeni ukutani. Msikichanganye na usajili wa kitaaluma. Bodi ya Marekani inayothibitisha wataalamu wa ergonomia, iliyoanzishwa 1990, inadai elimu ya chuo kikuu, miaka ya kazi, na mtihani. Kabla ya kulipa ada yoyote, muulizeni mwalimu atawapeleka kwa nani mkamtazame, na kama somo la kumbukumbu, umakini na makosa ya binadamu limo. Akianza kuwasifia programu tu, ondokeni na hela yenu. Tafuteni pia maandiko ya watafiti wa kwetu. Kongamano la kwanza la AfriCHI, la watafiti wa Afrika wanaochunguza jinsi watu wanavyotumia kompyuta na simu, lilifanyika Nairobi mwaka 2016, na waliokutana pale wanaandika kuhusu simu, mitaa na lugha mnazozijua.

Liko jambo linaloniudhi, nalo nitalisema wazi. Mtapata kazi, na siku moja bosi atawaambia kitufe cha kukubali mkopo kiwe kikubwa na cha kijani, riba iandikwe chini kwa herufi za sisimizi, na njia ya kujitoa izungushwe kurasa nne. Atawaambia pia apu iombe majina yote yaliyomo kwenye simu ya mkopaji. Mtamsikia akiita hiyo ukuaji. Elimu ile ile iliyoweka kigurudumu kwenye swichi ili mkono usikosee, hapo inageuzwa ili mkono ukosee kwa makusudi. Kataeni, na mkatae kwa maandishi. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019. Zisomeni mzijue vifungu, kwa sababu bosi anayecheka mkimtajia huruma hatacheka mkimtajia faini.

Mkienda kwenye hilo benchi la wakala, ombeni ruhusa ya mwenye kibanda kwanza, maana ni biashara yake mnaiziba. Mweleze mtu kabla hujawasha rekoda sauti yake itasikilizwa na nani na itafutwa lini. Akikataa, andika kwa mkono, na penseli ni bora kuliko kalamu ya wino inayovuja joto likizidi. Namba yake ya siri usiiandike hata kama ameitamka mbele yako. Na akishakaa nawe nusu saa, mpe nauli na vocha kabla hajaondoka, usimwambie utamtumia.

Wenu,
Babu wa zamu ya usiku