Jumamosi darajani: tunapaka alama za mto

Habari za asubuhi ndugu wanakikundi, poleni na palizi.

Jumamosi hii saa 2:00 asubuhi tukutane pale darajani, upande wa mashamba. Si kikao cha kukaa, njooni na viatu vya matope. Tunapaka alama za tahadhari kwenye nguzo kabla masika hayajakolea.

1. Njano: maji yakifika hapo, toeni pampu na mbolea bondeni.
2. Nyekundu: watu wote watoke, hata kama kwako halijadondoka tone. Mto wetu Mkondoa hujaa kwa mvua ya Mpwapwa na Kongwa, sisi huku Kilosa tukiwa juani.

Nyekundu tusiiweke pale maji yanapomwagikia shambani; hapo tumeshachelewa. Ikae chini zaidi. Wazee mnaokumbuka maji ya Desemba 2009 yalifika wapi, njooni mtuonyeshe. Mmoja wenu ana mstari wa tope ukutani hadi leo, mkewe amekataa usipakwe chokaa!

Mchango ni shilingi 2,000 kila mmoja, za rangi na brashi, mwisho Alhamisi jioni kwa mweka hazina wetu. Ngazi ninayo. Natafuta pia vijana wawili wa kusoma nguzo asubuhi na jioni, na mwenye ndugu Kidete, upande wa juu wa mto, wa kutupigia simu mto ukianza kubadilika rangi.

Andika NIPO au SIPO hapa kabla ya kesho saa 12:00 jioni. Ukiweka dole gumba tu, sitajua unakuja au umesoma tu.