Shahawa za nyuki zigandishwe sasa, koo nzuri zinatupotea

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua.

Mfugaji wa ng'ombe akitaka mbegu ya dume aliyekufa zamani anaagiza tu, inatolewa kwenye mtungi wa naitrojeni, mtaalamu anampandishia ng'ombe wake, imeisha hiyo. Sisi wa nyuki ukoo mzuri ukipotea ndo basi, na unapotea haraka sana, mara varoa, yule kupe mdogo wa nyuki, kaingia, mara sumu za mashambani, mara watu wameleta malkia wa kutoka mbali na baada ya misimu kadhaa kila mzinga umeshachanganya damu. Malkia huwezi kumgandisha halafu umrudishie uhai, na mayai ya nyuki nayo ni magumu mno kuyagandisha. Zilizobaki ni shahawa za dume, na hizi zinawezekana! John Harbo, mtafiti wa nyuki wa Marekani, alizigandisha kwenye naitrojeni ya kimiminika tangu miaka ya 1970, sasa mpaka leo wafugaji wengi hata hawajawahi kusikia kitu kama hicho, kwa kweli inaniuma.

Kazi yenyewe ni ya uvumilivu. Dume lazima awe amekomaa, kama wiki mbili hivi tangu atoke kwenye sega, unamminya taratibu mpaka shahawa itokeze, inakuwa na rangi kama ya maziwa mazito, chini yake kuna ute mweupe ambao ukiuvuta unaziba kimrija chako chembamba na kazi yote imeharibika. Dume mmoja anatoa kama mikrolita 1 tu (yaani sehemu moja ya elfu ya mililita) na hapohapo anakufa, wakati malkia mmoja anahitaji kupandikizwa kama mikrolita 8 hadi 10, kwa hiyo hesabu madume kumi au zaidi kwa malkia mmoja. Shahawa inachanganywa na dawa ya kuzuia barafu isipasue seli, inapozwa polepole, halafu ndo inaingia kwenye naitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Hapo inakaa miaka na miaka.

Sasa kuna watu wanakatishwa tamaa wakisikia kwamba malkia aliyepandikizwa shahawa iliyogandishwa hafanyi vizuri. Ni kweli, mbegu nyingi zinaumia na zinazofika kwenye kifuko chake cha kuhifadhia ni chache, wakati kwa kawaida malkia anabeba kama milioni 5 za kumtosha maisha yake yote, kwa hiyo huyu zinamwishia mapema anaanza kutaga mayai ya madume matupu, maana yai lisilorutubishwa huwa dume, na mzinga unakufa. Lakini jamani huyu malkia hatumtaki kwa ajili ya asali! Tunachotaka kwake ni mabinti wachache tu wa kukuzwa kuwa malkia. Mabinti hao wana nusu ya damu ya ukoo uliohifadhiwa, ukiwapandikiza tena shahawa ya ukoo uleule watoto wao wanakuwa na robo tatu, kizazi kinachofuata saba ya nane, ukoo unarudi hivyo. Chuo Kikuu cha Washington State kule Marekani wameshapata vizazi vya malkia vinavyofuatana kwa shahawa iliyogandishwa, na ndo haohao waliochukua shahawa Italia, Slovenia na Georgia maana sheria ya nchi yao ya 1922 inabana kuingiza nyuki hai.

Ila ukishaelewa hesabu hiyo ya vizazi utaona kumbe mrija mmoja wa shahawa hautoshi, lazima iwekwe ya kutosha kupandikiza mara kadhaa. Na itoke kwenye mizinga mingi, sio mmoja mzuri tu ambao kila mtu anausifia. Jinsia ya nyuki inaamuliwa na jeni moja yenye aina nyingi, yai lililorutubishwa likipata aina mbili zinazofanana linakuwa dume, na nyuki vibarua wanamla angali funza. Ukifuga ukoo mwembamba unakuta sega la majana (watoto wa nyuki) limejaa matundu, hata nusu ya majana inaweza kupotea, na mzinga hauna nguvu tena. Pia shahawa zipimwe virusi kabla, kile kirusi cha kulemaza mabawa kinaweza kupita humo.

Ombi langu kwa vyama vya wafuga nyuki na vyuo vya kilimo ni kwamba mitungi ya naitrojeni ya shahawa za ng'ombe ipo tayari, vimirija vya nyuki ni vidogo na havichukui nafasi kubwa. Waanze na mizinga ambayo imepita misimu na varoa bila dawa na bado ina nguvu, maana hiyo ndo tutaililia ikipotea, na kila mrija uandikwe umetoka mzinga gani, tarehe gani na madume wangapi. Msimu wa madume ni mfupi, wakishafukuzwa mzingani hakuna cha kukusanya mpaka msimu mwingine.

Msomaji wako,
Mfuga nyuki