Dada, ile kaseti nimeiunga

Dada yangu,

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu simu yangu hupokei, na ujumbe unausoma lakini hujibu. Tangu tuanue matanga ni mwezi wa saba huu. Mimi niko Kigoma, wewe uko Tabora kwenye nyumba ya mama.

Sikuandikii kukugombeza. Miezi kumi na mmoja ulimwogesha mama, ukamgeuza, ukamsagia vidonge kwa mgongo wa kijiko. Hilo nalijua, na Mungu analijua.

Lakini usiku ule wa tatu, Dada. Wanajumuiya walikuwa wamepumzika kuimba, wanakunywa chai. Nikaitoa redio ya mama kabatini, nikatia betri mpya, nikaweka ile kaseti yenye mwandiko wa padri. Wimbo wenyewe hauzidi dakika tano. Hukungoja uishe. Ulikuja kanga umeifunga kiunoni, ukafungua redio ikiwa bado inazunguka, ukavuta. Mkanda ulikuwa umenasa. Ukavuta tena. Ukakatika, ukamwagika sakafuni kama utumbo wa kuku, na mbele ya shangazi na majirani wote ukasema: "Mama amelia humu ndani usiku kucha miezi yote hii, leo wewe unatuletea nyimbo za Wazungu."

Nyimbo za Wazungu! Wewe, uliyekuwa ukizungusha kaseti ile kwa kalamu ili betri zisiishe!

Unajua ilivyoingia nyumbani. Yule padri mzee aliyekuwa akija posta kuomba simu ya nje ndiye aliyemwambia mama kuwa mwimbaji wa kaseti hii alikuwa mwenzake wa kazi, muunganisha simu kama yeye. Kathleen Ferrier, Mwingereza wa Lancashire, aliacha shule ana miaka 14 akaenda kuunganisha simu mjini Blackburn. Wakati mmoja walitafutwa maopereta wenye sauti nzuri, mmoja wao awe sauti ya kutaja saa kwenye simu. Ferrier akajaribu, akaachwa. Mama alikuwa akilirudia hilo huku anapepeta mchele: "Wakamwacha! Sauti ile, wakaiacha!" Hasira yake ilikuwa ya kweli kabisa, kana kwamba yeye ndiye aliyeachwa.

Na sauti ile ni nzito kwa mwanamke, Dada, nzito na ya upole, ndiyo maana akapewa kuimba nafasi ya mwanamume, Orfeo, katika opera, ule mchezo wa jukwaani unaoimbwa. Orfeo amefiwa na mkewe Euridice, anamfuata kuzimu, anaruhusiwa kumrudisha ila asimtazame njiani. Mke hajui sharti, analalamika kwamba hatazamwi, hapendwi tena. Orfeo anageuka, mke anakufa mara ya pili. Ndipo anaimba: nitafanya nini bila yeye? Wimbo wa kaseti yetu ndio huo; mtunzi Gluck aliutunga Vienna mwaka 1762, na kinachoniumiza mpaka leo ni kwamba hauna kilio. Asiyejua maneno atadhani ni mtu ametulia, anasimulia jambo zuri. Anaurudia mwanzo ule ule mara tatu, kila mara unazidi kukuelemea. Usiku ule sikuwa nimedondosha chozi tangu nishuke kwenye treni. Watu waliniona, na wewe uliniona. Nilihitaji kitu cha kunifungua kifua, basi.

Halafu siku ya kuondoka, pale stesheni, ukanipa lile neno lako. Kwamba kila nilipopiga simu mama alitaka kwanza umwinue, umwekee mto mgongoni, anywe maji, ndipo apokee. Kwamba nikikata tu, anauma upindo wa shuka.

Dada, nimelibeba neno hilo mpaka Kigoma, na sijalitua. Maana mama mwenyewe alitusimulia habari za tarehe 6 Februari 1953. Ferrier alikuwa na saratani ya titi iliyokwisha kuingia mifupani. Alikuwa akiimba Orfeo huyo huyo pale Covent Garden, jumba la opera la London, mfupa wa paja ukavunjika akiwa jukwaani. Akaegemea, akaimba hadi mwisho. Watu waliokuwa wamekaa mbele yake wakapiga makofi, hawakujua. Hakupanda tena jukwaani, na Oktoba akafa, ana miaka 41.

Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa pale, Dada. "Hujambo mwanangu, za huko ziwani?" Sauti ile ile ya posta, imenyooka. Ningejuaje? Nilipiga kila Jumapili, sikukosa ila zile mbili nilipovuka kwenda Kalemie na mzigo wa watu. Pesa ya dawa nilituma. Aliyejua ni wewe. Alikukataza kusema, sawa, lakini nakushauri mimi mdogo wako: mgonjwa akikukataza kumwambia mtoto wake, mwambie. Mwambie hata kwa siri. Ningepanda treni siku ile ile. Umenihukumu kwa kutokuja, na mlango uliufunga wewe.

Au hukuufunga. Labda ulikuwa umechoka tu, na sauti ile ilipoanza ukamsikia mama anavyojiweka sawa kabla ya kushika simu. Hili nimelifikiria juzi tu, na nimeshindwa kulala.

Mkanda niliuokota wote, unakumbuka, niliuweka kwenye mfuko wa rambo. Fundi mmoja wa hapa Kigoma, mtaa wa Mwanga, ameunyoosha kwa kidole, akaunganisha pale ulipokatika kwa kipande chembamba cha selotepu. Unacheza. Ila anapoanza kurudia ile mara ya tatu, pana mruko, neno moja limekwenda.

Mwezi ujao nina siku nne. Nitakuja na migebuka na mawese yale unayopenda. Redio ipo kwako. Betri nitanunua mimi.