Barua ya Wazi: Mheshimiwa, Litoeni Lile Daftari la Wakamaji

Kwa Mheshimiwa unayesimamia utamaduni na turathi katika kaunti yetu,

Pokea salamu zangu za heshima. Nimekuandikia barua za kawaida, nimekuja ofisini, nimeketi kwenye benchi la wageni hadi mlango ukafungwa. Kila mara niliulizia daftari la mishahara la wakamaji, na kila mara niliambiwa nirudi. Leo nasema nawe mbele ya watu kwa sababu ya kibao mlichokizindua juzi kwenye ile nyumba ya mawe ya mlowezi.

Kibao kinasema Mwingereza yule alilianzisha "peke yake" shamba la ng'ombe wa maziwa katika sehemu yetu. Peke yake, Mheshimiwa! Baba yangu alikama ng'ombe katika shamba hilo tangu ujana wake hadi bendera ya Uingereza iliposhushwa. Mama yangu aliosha makopo ya maziwa pale kwa maji ya mto, kukiwa na baridi ya kukausha vidole. Walikuwa wapi wakati huyo bwana akifanya kazi peke yake?

Sikuja kumvunjia heshima marehemu. Alihangaika, na baba hakuwahi kulificha hilo. Alikuja na ule mpango wa 1919, serikali ya kikoloni ilipowagawia mashamba wanajeshi wa Uingereza waliotoka vitani, mengine kwa kupiga kura. Alikuwa na madeni benki na hakuwajua kupe wa nchi hii. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe hao, ilipoingia zizini, baba alimwona ameketi kwenye nyasi kando ya ndama aliyekufa, hasemi na mtu. Wakubwa wake pia walionja shida hizo. Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, alipewa ekari 100,000 kule Njoro mwaka 1903, na bado kondoo wake wakamfia, ng'ombe wakamfia, ngano ikashikwa na ugonjwa wa kutu, hadi mali yake ya Uingereza ikawekwa rehani. Alipohamia shamba lake la Soysambu, mifugo yake ilichungwa na Wamaasai. Hayo yote yaandikwe, ni kweli.

Lakini ukweli hauanzii kwa mzungu kushuka kwenye treni. Malisho yale yaliachwa wazi kwa sababu Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, wakaambiwa Laikipia ni yao daima. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba mwingine wa kuwatoa hukohuko Laikipia. Walipokwenda kortini, kesi yao ikatupwa mwaka 1913. Kwenye kuta za nyumba mliyoizindua sikuona hata mstari mmoja kuhusu jambo hilo.

Na kazi yenyewe ilikuwaje? Wakamaji waliamshwa kengele ikilia kukiwa bado giza. Kila mtu na ndoo yake, kamba ya kufunga miguu ya nyuma, na ng'ombe anaowajua. Maziwa yakipimwa mbele ya nyapara, yalipelekwa kwenye mashine ya kutenganisha krimu, nayo ilizungushwa kwa mkono. Baba alikuwa na bega moja nene kuliko jingine hadi tulipomzika. Krimu ilisafirishwa kwa mkokoteni wa maksai hadi stesheni ya reli. Maziwa yaliyobaki walipewa ndama na nguruwe, na yakisalia mengine, watoto wa kambi walipanga foleni na vibuyu. Nilikuwa kwenye foleni hiyo. Walowezi walipounda KCC, ushirika wao wa kuuza siagi na maziwa, mwaka 1925, siagi ya nchi hii ikapata jina, na waliozungusha mashine hawakupata.

Baba alivaa kipande, kile kitambulisho cha kazi walicholazimishwa Waafrika, shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Babu alikuwa skwota: sheria ya 1918 ilimtaka afanye kazi siku 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kukaa na kulima kibustani chake. Kisha ikaja kifagio, mifugo ya maskwota ikafagiliwa mashambani. Kwetu waliondolewa ng'ombe wote wa babu, na wavulana wake wakabaki kukama ng'ombe wa mwingine. Nalirudia hili kwa sababu mnaonyesha picha za mifugo mizuri ya mlowezi kana kwamba hapa hapakuwahi kuwa na wafugaji.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikosesha usingizi. Siku ya uzinduzi niliingia chumba cha pili. Ukutani, ndani ya kioo, mmetundika kitabu cha ng'ombe. Kila ng'ombe ana jina lake, jina la mama yake, la dume aliyemzaa, na maziwa aliyotoa. Nilikisoma chote nikiwa nimesimama. Sikuona jina la mtu mweusi hata mmoja katika nyumba nzima. Ng'ombe wana majina, Mheshimiwa, na baba yangu hana!

Majina yapo. Kabla nyumba haijakarabatiwa, kijana mmoja wa ofisi yako alinionyesha daftari la mishahara lililokuwa kwenye kabati la stoo. Niliona jina la baba limeandikwa vibaya, na pembeni alama ya kidole gumba kwa wino wa zambarau. Nilikigusa kile kidole. Mwaka huo huo ulisimama kwenye baraza, mbele ya chifu na wazee, ukaahidi kwamba daftari litawekwa mahali pa kuonekana na majina yatachongwa kwenye jiwe. Tulikupigia makofi. Leo naambiwa na ofisi hiyohiyo kwamba daftari la aina hiyo halikuwahi kuwepo.

Sijui nani aliamuru daftari lifichwe. Wengine wanasema mnataka nyumba iwapendeze watalii. Mimi nafikiri mnaogopa kwamba mtu akiliona jina la babu yake atakuja kudai ekari. Basi nikutoe hofu kwa upande wangu: sikuja kudai ardhi kwenye barua hii. Wenye madai ya ardhi wana njia zao na haki yao. Mimi nadai karatasi yenye alama ya kidole cha baba yangu.

Kama limeoza, tuonyesheni lilivyooza. Kama limepelekwa Nairobi, tuambieni liko chumba gani. Kama mtu amelichukua, aitwe alirudishe. Hilo neno "peke yake" lifutwe pia, ingawa nikilazimika kuchagua moja, nachagua daftari.

Mama bado yuko hai. Amepita miaka tisini na macho yake yanaanza kumwacha. Wafanyakazi wenzake waliobaki wanahesabika, nao wanajua majina ya wale walioandikwa vibaya na wale walioitwa "boi" tu bila jina. Mkichelewa tena hakutakuwa na wa kusahihisha. Jumatatu nitamleta kwa gari la jirani hadi mlangoni pa ofisi yako. Tafadhali, Mheshimiwa, tusiambiwe turudi. Litoeni daftari, aketi nalo, awataje.

Wako kwa heshima,
Binti wa mkamaji