Malalamiko Kuhusu Picha ya Harusi Iliyotiwa Rangi Isivyofaa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAZI YA KUTIA RANGI PICHA YA ZAMANI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilileta kwenu picha ya harusi ya marehemu bibi yangu mzaa baba, iliyopigwa Tanga katika miaka ya 1950, ili itiwe rangi. Pamoja na picha niliwakabidhi kanga ya kisutu aliyoivaa siku hiyo, ambayo shangazi ameitunza hadi leo, na maelezo ya maandishi kuhusu rangi ya ngozi yake, niliyoyapata kwa wanawe walio hai. Mhudumu wenu alivipokea vyote, akanihakikishia kwamba kazi ingefanywa kwa mkono, sehemu baada ya sehemu, na ndiyo sababu nilikubali kulipa bei ya juu badala ya ile ya kazi ya haraka.

Picha niliyorudishiwa haina dalili kwamba kuna mtu aliyeifungua kanga ile akaitazama. Kisutu kina nyekundu, nyeusi na nyeupe, lakini kwenye picha yenu kimekuwa kahawia iliyofifia kuanzia pindo hadi mji. Filamu nyingi za zamani hazikuhisi mwanga mwekundu, hivyo kitu chekundu kilitoka kikiwa cheusi au kijivu kizito. Programu ya kompyuta inayotia rangi yenyewe, ambayo naamini ndiyo mliyoitumia, husoma viwango vya mwanga na kukisia kwa kufuata picha ilizofunzwa nazo, na pale inapokosa uhakika huelekea kwenye rangi za wastani. Mahali ambapo filamu imezifanya nyekundu na nyeusi zionekane sawa, hakuna programu itakayozitenganisha. Mtu aliyeiweka kanga mezani anaweza, na kazi ya mtu huyo ndiyo niliyoilipia.

Uso wa bibi ndio ulionisikitisha kuliko yote. Bibi alikuwa mweusi, na picha ya asili inaonesha hivyo waziwazi hata bila rangi. Kama rangi ingewekwa kwenye tabaka lake la peke yake, yaani juu ya picha ndani ya programu ya kuhariri bila kuigusa picha yenyewe, katika hali inayogeuza rangi tu na kuacha mwanga na vivuli vya asili vilivyo, weusi wake ungebaki. Badala yake ngozi imeng'arishwa na kulainishwa, midomo imepakwa wekundu ambao hakuwa nao, kipini cha puani kimeondolewa, nadhani kwa kudhaniwa kuwa doa la vumbi, na maua ya hina mikononi yamefutwa pamoja na mikwaruzo. Shangazi, ambaye ni binti yake wa kumzaa, alipooneshwa aliuliza huyu ni nani.

Mtu anayefanya kazi hii anapaswa kujua uzito wake. Mwaka 2021 picha za wafungwa wa gereza la Tuol Sleng nchini Kambodia, ambako maelfu waliteswa na kupelekwa kuuawa katika miaka ya 1970, zilitiwa rangi na baadhi ya nyuso zikabadilishwa zionekane zinatabasamu, na baada ya malalamiko makubwa, yakiwemo ya serikali ya nchi hiyo, zikaondolewa. Picha ya bibi ni ya nyumbani kwetu tu, lakini wajukuu wasiomwona akiwa hai watamjua kwa picha hiyo, na wataamini watakachokiona.

Kwa hiyo naomba kazi irudiwe na fundi atakayeitumia kanga yenyewe, bila malipo ya ziada, na bila kugusa sura, kipini wala hina. Naomba pia nipewe faili lenye tabaka zote pamoja na nakala iliyoskaniwa kabla ya kuhaririwa, kwa kuwa faili moja la JPEG mlilonitumia, ambalo tabaka zake zote zimeunganishwa kuwa picha moja, haliwezi kurekebishwa tabaka kwa tabaka, na nakala itakayochapishwa iandikwe nyuma kwamba rangi zimeongezwa baadaye. Ikiwa hamna fundi wa kuifanya, nirudishiwe fedha zangu zote. Kanga, ambayo bado iko kwenu, irudishwe mara moja kwa vyovyote vile, kwani shangazi anaiulizia kila siku.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja wenu, Tanga