Hija ya kutembea inaanzia miguuni, tusiishie kwenye michango na viza

Ndugu Mhariri,

Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana Kigogo. Naomba nafasi kwenye gazeti lako, kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwezi wa saba. Najua barua ni ndefu, ukiona vema punguza popote, ila ile sehemu ya miguu naomba uiache kama ilivyo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kikuyu hapa Dodoma, na mwakani baada ya Pasaka Mungu akipenda nitatembea hija yangu ya kwanza ya masafa marefu, kule Hispania kwenye njia inaitwa Camino de Santiago, ambayo inaishia kwenye kanisa kuu la Santiago de Compostela, na watu wamekuwa wakienda kusali kwenye kaburi linaloaminika kuwa la Mtakatifu Yakobo mwana wa Zebedayo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Tuko tisa. Tumechagua 2027 kwa sababu sikukuu yake tarehe 25 Julai itaangukia Jumapili, na ikiangukia Jumapili basi mwaka mzima unakuwa Mwaka Mtakatifu, uliopita ulikuwa 2021 wakauongeza mpaka 2022 kwa ajili ya korona. Julai yenyewe tumeiogopa kwa joto na msongamano, ndo maana tunaenda Aprili, kipindi kule majani yanachipua baada ya baridi.

Sasa kinachoniumiza ni hiki. Tumekaa vikao vinne. Kikao cha kwanza michango, cha pili pasipoti, cha tatu viza na bima, cha nne sare, na kwenye sare tulikaa karibu masaa mawili. Sisemi hayo hayana maana, viza ya kule inaombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na isipungue siku 15, ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima lazima ifikie euro 30,000 za matibabu, hivo asiyejipanga mapema atabaki nyumbani. Lakini kwenye vikao vyote vinne hakuna mtu aliyeuliza tutatembeaje. Mimi nilikuwepo na mimi sikuuliza. Na nimeona matangazo ya hija nyingine za kutembea, ni yale yale, nauli, tarehe ya mwisho ya kulipa, namba ya kutuma hela, basi.

Kila nikigusia hilo naambiwa mama sisi tumezoea kutembea, tumekua tunatembea kwenda shule, kisimani, shambani. Ni kweli, mimi mwenyewe nimesoma kwa kutembea. Lakini kutembea kwenda shambani na kurudi ukapumzika ni kitu kimoja, na kuamka leo ukatembea kilomita 20, kesho 22, keshokutwa 19, una begi mgongoni, mvua inakunyeshea na umelala kitanda cha dabo deka chumba kimoja na watu ishirini wanaokoroma, ni kitu kingine kabisa. Alafu tuseme ukweli, lini mara ya mwisho tumetembea hivyo? Siku hizi kutoka kwangu mpaka Majengo sokoni nachukua bodaboda.

Nililijua hilo Julai. Nilinunua raba nzuri mpya, za bei, nikamwomba mdogo wangu anisindikize, tukatoka mjini saa 11 alfajiri kwa barabara ya Iringa mpaka Bihawana, ni kama kilomita 15 hivi. Baridi ya Julai mnaijua, tulikuwa na masweta, tunasali rozari tunatembea, mashamba ya zabibu pembeni, nilifurahi sana. Kilomita kama ya 8 nikahisi kisigino kinawaka moto. Nikasema ni kawaida, nitavumilia, hii si ndo hija yenyewe. Tulipofika nikavua kiatu, soksi imeshika damu. Malengelenge mawili kisigino kimoja, na kucha ya kidole gumba ikawa nyeusi, baada ya wiki tatu ikang'oka. Tulirudi kwa daladala, na nilikaa siku 12 navaa kandambili. Yani kama ingekuwa Hispania hija yangu ingeishia siku ya kwanza, na hela yote ile imeenda.

Na mimi nina nafuu. Kwenye kundi letu kuna mama mmoja ana sukari, naye alijaribu peke yake mwezi wa nane, kijiwe kikaingia kwenye kiatu asikisikie kwa sababu miguu yake ina ganzi, akaja kukiona nyumbani wakati ananawa, kidonda kimemchukua mwezi na nusu kupona. Wenye sukari wanajua kidonda cha mguu kinavyoweza kuishia. Huyu mama hakuna aliyemwambia chochote kabla, alilipa mchango wake akapewa risiti. Hapa ndo naomba viongozi wa makundi ya hija popote mlipo, jamani, mtu kabla hajalipa aulizwe afya yake, sukari, presha, magoti, na aende kwa daktari aangaliwe miguu, na mwenye ganzi akague nyayo zake kila jioni kwa kioo au mwenzake amkagulie. Siyo kumzuia asiende, ni aende na arudi mzima.

Baada ya pale nilianza kuuliza, nikasoma, nikamtafuta mtoto wa jirani aliyewahi kuwa mwanariadha, nikaanza upya. Niseme nilichojifunza maana kingenisaidia sana ningekikuta gazetini mapema.

Kiatu nunua jioni, mguu unakuwa umevimba kidogo, na kizidi kwa nafasi ya kidole mbele, maana kwenye mteremko vidole vinasukumwa mbele na ndo kucha zinakufa. Ukivae miezi miwili mitatu kabla ya safari, ndani ya nyumba, sokoni, kanisani, mpaka kilainike na mguu ukizoee. Soksi za pamba achana nazo, zinashika jasho na jasho ndo linachubua, mimi nimepata za sufu nyepesi kwenye mtumba Sabasaba na zinanitosha kabisa. Kila asubuhi kabla ya soksi napaka mafuta ya mgando kati ya vidole na kisiginoni. Na lile la muhimu kuliko yote, ukihisi sehemu inawaka, simama hapo hapo, vua kiatu, bandika plasta, usisubiri mfike, usione aibu kuchelewesha wenzako. Ningesimama kilomita ya 8 nisingevuja damu.

Begi lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako, mimi nina kilo 70 kwa hiyo mwisho wangu ni kilo 7. Wengine wanasema mbona wapagazi wa zamani waliopita hapa hapa Ugogo na misafara ya kutoka Bagamoyo walibeba frasila mbili, kama kilo 32, wakavuka hata nyika ya Marenga Mkali isiyo na maji. Walibeba, ila walikuwa vijana na ile ilikuwa kazi yao, na wangapi walifia njiani. Mimi nilianza na pakiti moja ya unga wa sembe kwenye begi, kilo 2, baada ya wiki mbili nikaongeza, sasa hivi nabeba kilo 6 na mgongo umenyamaza.

Ratiba yangu ni nyepesi. Jumanne na Alhamisi kilomita 6 au 7, Jumamosi safari ndefu, nilianza na 8 na kila wiki naongeza moja au mbili, na kila wiki ya nne napunguza ili mwili upumzike. Kuanzia Januari tutatembea Jumamosi na Jumapili mfululizo baada ya misa ya kwanza, kwa sababu siku ya pili ndo inakuonyesha wewe ni nani, unaamka miguu inagoma na bado inabidi utoke. Milima pia, huku kwetu ni tambarare mno, kwa hiyo tunaenda kupanda na kushuka barabara za Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kule Chimwaga. Tutaanzia mji unaitwa Ponferrada, kama kilomita 200 kufika Santiago, na katikati kuna mlima wa O Cebreiro unaofika mita 1,300 hivi. Dodoma yenyewe tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari kwa hiyo hewa haitatushtua, ila ule mteremko wa upande wa pili ndo unaonitia wasiwasi kwa ajili ya magoti, nimeshachonga fimbo mbili. Huko O Cebreiro ndo alikuwa paroko Padri Elías Valiña, yeye ndo alizunguka miaka ya 1980 na rangi ya njano akichora mishale ya kuelekeza mahujaji ambayo mpaka leo watu wanaifuata. Napenda sana kumfikiria yule padri na kopo lake la rangi.

Kuna wenzetu walitaka tuanzie Ufaransa kabisa, Saint-Jean-Pied-de-Port, ambako ni karibu kilomita 780 na wiki tano za kutembea. Kwa mara ya kwanza na umri wetu nimekataa. Cheti cha hija kinachoitwa Compostela kinataka angalau kilomita 100 kwa miguu mpaka Santiago, na kadi ya hujaji unayotembea nayo igongwe muhuri angalau mara mbili kwa siku. Hizo 200 zetu zinatosha kabisa.

Jambo la mwisho ni mvua. Hapa Dodoma tukisikia Aprili Ulaya tunadhani jua na maua, kumbe ile sehemu ya Galicia inanyesha sana tu na mchana ni nyuzi 15 hivi, usiku zinashuka mpaka 7 au 8, yani ni baridi zaidi ya alfajiri zetu za Julai. Mvua zetu zikianza Desemba watu wa kundi langu wanataka tusimamishe mazoezi mpaka zikatike, mimi nasema hapana, hiyo ndo shule yenyewe, tope la Dodoma lituzoeshe kutembea na kiatu kilicholowa na koti la mvua linalotoa jasho ndani. Tuache tu siku za radi na pale makorongo yanapojaa maji. Na barabarani tutembee upande wa kulia tuyaone magari yanayotujia, kule Hispania magari yanapita kulia kwa hiyo tutabadilisha twende kushoto. Nawaomba na madereva wa barabara ya Iringa, mkiona akina mama wenye mabegi alfajiri pembeni ya lami mpunguze mwendo, ile sehemu ya kukanyaga ni ndogo na lori likipita kwa kasi linatuyumbisha.

Kikao chetu cha tano ni mwisho wa mwezi huu na nimeshaomba ajenda ya kwanza iwe miguu. Kuna kitu kimoja sijapata jibu lake mpaka sasa, kama kuna msomaji aliyewahi kutembea kule Aprili naomba atuandikie kupitia gazeti hili: mvua ikinyesha siku tatu mfululizo na una soksi jozi tatu tu, mnazikaushaje?

Mwalimu mstaafu,
Kikuyu, Dodoma